Ukikabidhiwa mwalimu mgeni: namna ya kumlea ndani ya skuli

Ajira mpya zikitoka, skuli zetu hupokea mwalimu mmoja au wawili, na mwalimu mkuu humwita mtu mzima aliye karibu akamwambia: "Mwalimu, huyu mchukue wewe, umwoneshe kazi." Imekwisha hapo. Hapana karatasi ya kukwambia umwoneshe nini, wala vipindi vyako havipunguzwi. Mimi nasomesha Hisabati skuli ya msingi hapa Wete, na wageni wa namna hiyo nimepewa zaidi ya mmoja. Naandika kwa yule aliyekabidhiwa mtu asubuhi ya leo na hajui aanzie wapi.

Wiki ya mwanzo usiingie darasani kwake. Aliyetoka Unguja kuja Pemba huenda hana jamaa huku. Anatafuta chumba, anatafuta pa kula, na mshahara wa mwanzo bado. Msaidie hayo. Mwoneshe rejista inavyojazwa, zamu zinavyokwenda, chaki ziko kabati gani, na watoto gani wanatoka mbali kwa miguu, ili asiwaadhibu kwa kuchelewa bila ya kuuliza.

Kisha, kabla hujamtizama yeye, akutizame wewe. Mwite kipindi chako cha kawaida, wala usiandae somo la maonesho lenye picha za rangi na watoto waliofundishwa kuitikia. Akukute na somo lako la kila siku, na watoto wako wanaopiga kelele. Mpe kazi moja tu: achague mtoto mmoja wa nyuma, amwangalie yeye tangu mwanzo hadi mwisho wa kipindi, aandike anachokifanya. Lini aliandika, lini alinakili kwa jirani, lini alikuwa anachora samaki kwenye daftari. Ukimaliza mwambie akusomee. Utasikia mambo ambayo hukuyaona na umesimama mbele yao, na mgeni wako ataona kwamba hata mkongwe humponyoka mtoto. Baada ya hapo hatakuogopa sana zamu yake ikifika.

Zamu yake ikifika, kaeni kwanza dakika kumi. Muulize: "Maalim, unataka nikutizamie nini?" Atakwambia kila kitu. Usikubali. Ukitizama kila kitu utatoka na orodha ya makosa, naye atatoka na moyo mzito. Chagueni kitu kimoja.

Kama hajui achague nini, mimi hupendekeza maswali: nani anaulizwa, na anapewa muda gani wa kufikiri. Chora ramani ya madawati kwenye ukurasa mzima, kila mtoto kisanduku. Kila anapoulizwa, tia kijistari kwenye kisanduku chake. Akinyoosha mkono asiitwe, tia nukta. Darasa letu likiwa na watoto wengi ramani hii husema wazi. Mara nyingi utakuta vijistari vimejazana madawati mawili matatu ya mbele, na nukta zimetapakaa nyuma ambako hapana aliyeitwa. Kuhusu muda, yuko mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, aliyesikiliza kanda nyingi zilizorekodiwa kwenye masomo ya sayansi. Katika miaka ya 1970 alieleza kwamba mwalimu akishauliza husubiri kama sekunde moja tu, kisha anamwita mwengine au anajibu mwenyewe. Waliojizoesha kusubiri sekunde 3 au zaidi walipata majibu marefu zaidi, na watoto waliokuwa kimya wakaanza kusema. Hili halitaki pesa wala vifaa. Hesabu kimoyomoyo, uandike.

Ukiwa darasani kaa dawati la nyuma, pembeni, pamoja na watoto. Usishike kalamu nyekundu. Usimjibie swali, usimtolee macho mtoto mtukutu. Darasa si lako kwa kipindi hicho. Akikosea ubaoni jambo litakalowapoteza watoto, subiri mpaka wameanza zoezi, umwendee umwambie polepole: "Maalim, naomba uitizame ile ya pili." Atasahihisha mwenyewe, na heshima yake itabaki.

Na ubao usifutwe. Hili nalisisitiza kuliko yote. Mwombe mapema: kipindi kikiisha, aache ubao kama ulivyo.

Kijana mmoja alikuwa anasomesha hesabu za sehemu darasa la nne. Alichora duara la kwanza akaligawa mara tatu, akatia rangi thuluthi moja. Nafasi ya ubao kulia ilikuwa kubwa zaidi, basi duara la pili likawa kubwa. Akaligawa mara nne, akatia rangi robo. Akauliza: ipi kubwa? Watoto wakapaza sauti: "Robo!" Akauliza tena, wakajibu vilevile. Akafuta jasho, akawaambia jibu, wakaandika. Kipindi kilipokwisha akanijia kanyong'onyea: "Mwalimu, hawa wanaona nne kubwa kuliko tatu, basi. Hawasikii."

Ningeweza kumwambia tatizo papo hapo. Badala yake nilimwomba akae pale nilipokuwa nimekaa mimi, dawati la nyuma, autizame ubao. Akatizama. Akanyamaza. Halafu akacheka: "Lakini robo kweli kubwa!" Watoto walikuwa wamejibu walichokiona. Wapo pia, naamini, waliosema robo kwa ajili ya ile nne. Mambo mawili yalikuwa yamechanganyika, na bila ya kukaa pale asingejua kwamba yapo mawili. Kwangu mimi kazi ya mwalimu mlezi ni hiyo: kumfikisha mwenzako kwenye dawati la mtoto, akaone kwa macho yake.

Mazungumzo ya baadaye yafanyike siku hiyohiyo, lakini mwache kwanza anywe chai ya saa nne. Kaeni mahali pa wazi, barazani au chini ya mwembe, hasa kama mmoja ni mwanamme na mwengine ni mwanamke. Watu wana midomo, na mgeni hana wa kumtetea. Aanze kusema yeye. Swali langu la kwanza huwa: "Umemwona nani leo?" Nikimuuliza somo lilikwendaje, atanijibu zuri au baya na tumekwisha, nikimuuliza habari ya mtoto, lazima arudi darasani kwa fikra. Kisha mpe ramani aisome mwenyewe, nawe ujizuie kusema. Kujizuia huku ndiko kugumu. Sisi walimu tumezoea kujaza kimya.

Halafu chukueni madaftari ya watoto watano, si ya wale hodari peke yao, muyapekue pamoja. Hapo ndipo somo la kesho linapopangwa. Kwa ile robo na thuluthi tulikata vipande vya karatasi vya urefu mmoja, kila mtoto akakunja vyake mwenyewe. Kijana alitaka kuleta mabofulo ya mkate. Nikamwambia sawa, ila yatoke tanuri moja na yalingane, la sivyo utarudi kulekule kwenye maduara. Tena watayala kabla ya jibu. Akaenda na karatasi. Somo lile alilisomesha tena 4B, ambao walikuwa hawajafika hapo, na safari hii mzozo wa darasani ulikuwa baina ya watoto wenyewe, kila mmoja ameshika kipande chake. Japani walimu wanafanya hivi kwa utaratibu wa zaidi ya miaka 100: wanapanga somo pamoja, mmoja anasomesha, wengine wanawatizama watoto, kisha wanalirekebisha. Sisi kwa kuwa na A na B tunayo nafasi hiyo bila ya kuomba ruhusa kwa mtu.

Sasa jambo la siri. Ulichokiona darasani kwake kisifike kwa mwalimu mkuu, wala chumba cha walimu, wala harusini. Mwalimu mkuu akikuuliza, mjibu: "Tunaendelea vizuri, karibu darasani kwake ujionee." Mkaguzi ana kazi yake, anaandika ripoti, na ni haki yake. Wewe ukianza kupeleka habari, mgeni atakuoneshea somo la kupamba kila ukiingia, na hapo afadhali ubaki ofisini unywe maji. Daftari lenye ramani na maandishi yako mpe akae nalo yeye. Wewe usibakishe nakala.

Muda ni tabu, sikatai. Skuli yenye mikondo miwili, wa asubuhi na wa mchana, yenyewe inakupa njia: kama wewe u asubuhi na yeye mchana, mnaweza kutizamana bila ya kuacha darasa. Mkiwa mkondo mmoja, badilishaneni na mwenzenu wa tatu kipindi kimoja kwa wiki mbili. Hicho kinatosha kuliko vitano vya papara. Msimu wa karafuu watoto hupungua madarasani. Wengine huona wakati huo si wa kazi hii, mimi naona ndio wenyewe, maana darasa dogo linakuonesha mtoto mmoja mmoja. Siku ambazo hamkutani, sauti fupi ya WhatsApp inatosha.

Vituo vya walimu pia vitumieni. Huku tunavyo, Mitiulaya hapa Wete, Michakaini kwa watu wa Chake Chake, Wingwi, Mizingani. Semina zake nazipenda. Lakini semina peke yake haivuki mlango wa darasa: Bruce Joyce na Beverly Showers wa Marekani walieleza hili tangu miaka ya 1980, kwamba mbinu mpya hukaa pale mwalimu anaporudi skuli akamkuta mwenzake wa kuijaribu naye. Basi akirudi kutoka semina, swali lako liwe: "Lipi utalijaribu Jumatatu, na nije nitizame kipindi gani?"

Na usijifanye unajua yote. Kwenye simu na kompyuta mgeni wako huenda anakushinda mbali; mwambie akufundishe, tena mbele ya wenzako.

Utajua mmefika pazuri akianza kukwita mwenyewe: "Mwalimu, kesho kipindi cha tatu sielewi wapi wanakwama, njoo ukae nyuma." Punguza kuingia hapo, subiri uitwe. Uhamisho ukimchukua kabla ya hapo, mfungashie daftari lake na ramani zake, na umpigie simu mtu mzima mmoja wa skuli anayokwenda.