Jinsi ya Kujaza na Kuwasilisha Fomu ya Matokeo kwa Wasimamizi wa Vituo vya Visiwani

Mwongozo huu unawalenga wasimamizi wa vituo vya kupigia kura katika Ukara na visiwa vingine vidogo vya wilaya ya Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria, ambako fomu huvuka maji kabla ya kufika Nansio, makao makuu ya wilaya, na kosa likigunduliwa huko si rahisi kurudi kituoni usiku kulirekebisha.

Upigaji kura hufungwa saa 10:00 jioni, ila aliyekwisha kuwa kwenye foleni kufikia saa hiyo hupiga kura yake. Kabla ya kufungua sanduku, hesabu karatasi zilizobaki na zilizoharibika, uandike idadi yake. Usichanganye kura iliyoharibika, ambayo mpiga kura aliirudisha akapewa nyingine, na kura iliyokataliwa, ambayo ilitumbukizwa sandukuni lakini haionyeshi mpiga kura alimchagua nani.

Baada ya kuhesabu, hakikisha kwamba hesabu zinakubaliana. Tuseme kituo kilipokea karatasi 500 za kura za ubunge: zikibaki 183, zikiharibika 5, sandukuni lazima zikutwe 312. Zikikataliwa 8, kura halali ni 304, na kura za wagombea wote zikijumlishwa lazima zifike hapo hapo: 171, 98 na 35. Fanya hivyo kwa rais, mbunge na diwani, kila mmoja kwa karatasi zake, wala usisaini fomu ambayo hesabu yake haijakaa sawa, hata kama mtumbwi unasubiri.

Andika kila idadi kwa tarakimu na kwa maneno. Nililishika jambo hili katika kituo kimoja nilichokuwa karani, tulipokuwa tukijaza fomu kwa mwanga wa tochi: mwenzangu alisoma 171, mimi nikaandika 117, na jumla ikapungua kwa 54. Wahasibu wanajua kwamba tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, tofauti hugawanyika kwa 9 bila baki, na 54 ni 9 mara 6. Kwa hiyo tulijua cha kutafuta, tukakiona mbele ya mawakala. Kosa likipatikana, likate kwa mstari mmoja unaoacha tarakimu ya zamani isomeke, kisha saini pembeni.

Mawakala wa vyama wasomewe matokeo kwa sauti, wasaini, na wapewe nakala. Wakala akikataa kusaini, andika kwamba amekataa na sababu anayoitoa, bila kugombana naye. Nakala nyingine ibandikwe ukutani hapo kituoni, ili wananchi waisome wenyewe kabla fomu haijaondoka. Kwa maoni yangu karatasi hiyo ya ukutani ndiyo kinga kubwa ya msimamizi mwaminifu, maana hakuna atakayemsingizia kwamba aliibadilisha njiani.

Fomu ziweke katika bahasha zilizofungwa kwa lakiri, kisha katika mfuko wa plastiki usiopitisha maji, kwa kuwa mawimbi ya ziwa hayachagui mzigo. Matokeo ya udiwani hujumlishwa katika kata; ya ubunge hujumlishwa jimboni, na ya urais pia, kisha hupelekwa kwa Tume ya Uchaguzi, ambayo pekee ndiyo humtangaza rais. Matokeo ukiyatuma mapema kwa simu, msomee mpokeaji tarakimu moja moja, naye akurudishie alichoandika. Ukifika kwenye ukumbi wa majumuisho, usiikabidhi fomu na kuondoka: subiri kituo chako kiingizwe, linganisha kilichoingizwa na nakala uliyobaki nayo, ndipo usaini daftari la makabidhiano.