Nyoka Akikatiza Mbele Yako: Ya Kufanya Ukiwa kwenye Pikipiki, Baiskeli au Gari

Tuanze na mkono wako wa kulia, ule wa breki ya mbele. Ukimwona nyoka ghafla barabarani, mkono huo hukaza kabla akili haijasema lolote. Gurudumu la mbele likijifunga kwenye lami yenye mchanga au kwenye changarawe, pikipiki inalala, na wewe unateleza kuelekea palepale alipo nyoka. Mimi ni dereva wa bodaboda Korogwe, nazunguka njia za mashamba ya mkonge upande wa Ngombezi na Hale, na wale wa kijiweni kwetu wanaohesabiwa kuwa "majeruhi wa nyoka", wengi wao nyoka hakuwagusa kabisa. Walivunjika bega au mguu wakimkwepa.

Kwa hiyo: achia mafuta kwanza. Kisha breki zote mbili kwa ulaini, ya nyuma itangulie kidogo, pikipiki ibaki wima kwenye mstari wake. Kama kuna nafasi ya kusimama, simama mbali, hatua kumi na zaidi. Kama nafasi hakuna, usikate kona. Bana tanki kwa magoti, mwambie abiria "miguu juu!", pita. Kumkanyaga nyoka ukiwa wima ni balaa dogo. Kumkwepa ukaingia upande wa kulia lori la mkonge likikujia ni balaa lisilo na mwisho mzuri. Ukishampita, usisimame hapohapo kuangalia. Songa mbele mita hamsini hivi, simama penye uwazi, halafu ndipo ukague chini ya injini na kwenye spoki.

Ukiwa na nafasi ya kuchagua upande wa kupitia, pita nyuma ya mkia. Nyoka huenda kichwa kinakoelekea; ukimpitia mbele unamzibia njia, naye anadhani umemvamia. Honi usipoteze nguvu nayo. Hana masikio ya nje kama yetu, anachosikia vizuri ni mtikisiko wa ardhi. Ukisimama mbali na kukanyagakanyaga chini kwa kisigino utaeleweka haraka zaidi kuliko honi ya basi. Na umpe muda. Juu ya lami laini tumbo lake halina pa kushika, ndiyo maana unamwona anahangaika na kuchelewa. Hakufanyii makusudi.

Wa baiskeli wana shida yao: mguu uko chini, na pedeli ikizunguka kifundo kinashuka karibu na ardhi. Kama uko kwenye mteremko na huwezi kusimama, acha kupiga pedeli, inua miguu yote, acha baiskeli ijiendee. Kama uko kwenye kilima, usijitie ubabe. Shuka kwa upande ambao nyoka hayupo, baiskeli ibaki katikati yenu, rudi nyuma taratibu ukiwa bado unamtazama. Usimtupie baiskeli. Nimeona kijana akiitupa, nyoka akajipenyeza chini ya mzigo wa kuni uliokuwa kwenye kerea, na kuni zile zikalala barabarani hadi kesho yake kwa sababu hakupatikana wa kuzigusa.

Sasa, ni nyoka gani?

Huhitaji kuwa mtaalamu. Tanga hii unahitaji kuwatambua wachache, na wa kwanza ni kifutu, ambaye wengine humwita moma au bafe. Huyu ndiye wa kuogopwa barabarani, na sababu si ukali wake, ni uvivu wake. Nyoka wengine wakihisi mtikisiko wanaondoka. Kifutu anabaki, akitegemea rangi yake imfiche. Jioni, jua likishazama, lami bado ina joto la mchana, naye huja kulalia joto hilo. Nilimsimamia mmoja karibu na daraja dogo, nikiwa na mama mmoja na gunia lake la mahindi. Taa ya pikipiki ilimpiga kwa pembeni. Mnene, mfupi, kichwa kipana kimelala juu ya lami, mgongoni michoro ya rangi ya njano na kahawia iliyopangika kama pembe zinazoelekea mkiani. Injini ilipozimwa tukasikia pumzi yake: anavuta, anatoa, mlio wa tairi linalotoa upepo. Kisha akaondoka, lakini hakujipindapinda. Alikwenda moja kwa moja, amenyooka, ngozi ya tumbo inajivuta vipande vipande, polepole kiasi kwamba mama alipata muda wa kushuka, kujifunga upya khanga na kuniuliza kama nina haraka. Msidanganyike na mwendo ule. Akishtuliwa, kurusha kichwa kwake huwezi kukuona kwa macho, na akishauma, mguu unavimba hadi ngozi inang'aa.

Swila ni habari nyingine. Huyu husimama, hutanua shingo, na hutema. Anaweza kurusha sumu mita mbili hadi tatu, na analenga macho. Hapa ndipo kioo cha helmeti kinapolipa gharama yake. Najua vijana hupandisha kioo ili wapate upepo na wasikie abiria, ila ukimwona nyoka aliyenyanyuka, shusha kioo kabla ya jambo lingine lolote. Miwani ya kawaida nayo husaidia. Kwenye gari, pandisha vioo.

Koboko ana sifa kuliko matendo. Kila kijiwe kina hadithi ya koboko aliyeifukuza pikipiki kutoka Kabuku mpaka sijui wapi. Mwendo wake wa juu kabisa ni kama kilomita 16 hadi 20 kwa saa, tena kwa umbali mfupi tu. Hata baiskeli yenye kerea tupu humwacha. Anayeonekana kukufukuza mara nyingi anakimbilia shimo lake, na wewe umesimama njiani. Lakini sumu yake si ya mzaha, maana inapooza misuli mpaka ya kupumulia. Ukimwona mrefu, mwembamba, wa kijivu au rangi ya zeituni, anakatiza kwa kasi kichwa kikiwa juu kidogo, simama, umwachie barabara yote. Sekunde chache ameshaondoka. (Weusi unaotajwa sana kwake uko ndani ya mdomo, kwa hiyo ukishauona umemsogelea kupita kiasi.)

Chatu hana sumu. Tatizo lake ni uzito: ukimgonga kwa pikipiki, utakayeruka ni wewe. Na wenye magari makubwa mnaopita Mikumi, pale barabara kuu ya kwenda Zambia inapokata hifadhini kwa karibu kilomita 50, mnayajua mabango ya faini za kugonga wanyama. Punguzeni mwendo, basi.

Saa na majira

Wakati wa hatari ni kuanzia magharibi hadi saa tatu nne usiku, hasa mvua za vuli na masika zikianza. Vyura hutoka barabarani, nyoka huwafuata vyura. Kiangazi, mtu akichoma shamba, kila kilichokuwa kwenye nyasi kinavuka barabara kutafuta upande usio na moto. Ukiona moshi karibu na lami, tegemea kukutana nao hata saa saba mchana. Na mkonge ukikatwa, panya wanahama, na wenye njaa ya panya wanahama nao.

Usiku hesabu ni rahisi. Kwa kilomita 60 kwa saa unakwenda karibu mita 17 kila sekunde. Taa ya pikipiki iliyochoka, yenye kioo kilichojaa vumbi, inakuonyesha kitu vizuri kwa mita ishirini na tano au thelathini. Ukitumia sekunde moja kujiuliza "ni kamba au ni nyoka?", umeshamaliza nusu ya mwanga wako. Huku kwetu swali hilo ni la kila siku, maana vipande vya kamba ya katani na mabaki ya tairi viko kila mahali. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka, nami nasema barabarani shtuka mapema: chochote kirefu kilicholala lami usiku kichukulie ni nyoka mpaka ukipite. Futa taa. Punguza hadi 40.

Na vaa viatu. Wengi wanaoumwa huumwa chini ya goti, kwenye mguu na kifundo, na bado naona madereva wa usiku wamevaa ndala. Gambuti linachekesha mjini. Shambani halimchekeshi mtu.

Usishuke kumuua

Hili nalisema kila siku na kila siku kuna asiyenisikia. Nyoka keshapita, yuko majanini, dereva anashuka na jiwe. Abiria naye anashuka, ili arekodi kwa simu. Hapo ndipo watu huumwa. Hata akifa usimguse, kwani kichwa kilichokatwa bado kinaweza kuuma kwa muda. Na mzaha wa kumlaza nyoka mfu katikati ya lami ili wenzako washtuke, yule atakayeanguka kwa mshtuko anaweza kuwa na mtoto mgongoni.

Wa magari: nyoka akiingia chini ya gari na usimwone akitokea, usiinamishe kichwa kuchungulia. Songa mbele polepole, tazama kwenye kioo. Ukihisi amepanda kwenye injini, egesha penye uwazi, fungua boneti kutoka mbali kadiri unavyoweza, ondoka, mpe muda. Usimwagie petroli, injini ni ya moto. Akiwa ndani ya gari, washa taa za dharura, simama bila purukushani, fungueni milango yote mtoke. Asipotoka, mpigieni afisa wanyamapori wa wilaya.

Akitema, akiuma

Sumu ikiingia machoni: maji, maji, maji. Dakika 15 hadi 20, ukimimina kuanzia pembe ya jicho iliyo karibu na pua kwenda nje. Kama maji hakuna kabisa, maziwa yanafaa. Usisugue. Usitie ndimu, mkojo wala majani. Kisha hospitali hata kama maumivu yametulia, maana kioo cha jicho kinaweza kuwa kimechubuka.

Akiuma: sogea mbali naye kwanza, keti. Vua pete, bangili, saa na kiatu kabla ya kuvimba. Kiungo kilichoumwa kisitembezwe. Kifunge kwenye ubao au fimbo kwa kitambaa kisichobana. Usikaze kamba ya mpira juu ya jeraha: sumu ya kifutu ikifungiwa sehemu moja bila damu kupita, mguu unaweza kukatwa. Usichanje, usinyonye. Jiwe la nyoka halinyonyi sumu, na nusu saa ya kulibandika ni nusu saa uliyomnyima mgonjwa. Dawa ya sumu ya nyoka hutolewa hospitali pekee, kwa kuwa yenyewe inaweza kuushtua mwili vibaya na daktari lazima awe tayari. Si ya kununua ukaiweke nyumbani. Nyoka usimbebe kwenda kumwonyesha daktari. Picha ya kutoka mbali inatosha, na hata bila picha dalili zitamwongoza.

Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa mwaka 2017, na linakadiria watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani. Wengi ni wa vijijini, na wengi huchelewa njiani. Sisi bodaboda ndio njia yenyewe. Mshikaki, ambao trafiki anatukamata nao siku nyingine, kwa mgonjwa wa nyoka ndio ubebaji wenyewe: dereva mbele, mgonjwa katikati, mtu mwenye nguvu nyuma akimkumbatia. Kope zikianza kulegea, sauti ikibadilika, au akishindwa kumeza mate, asikae tena kwenye pikipiki. Tafuta bajaji au gari, mlaze kwa ubavu.

Zahanati nyingi hazina dawa hii. Usigundue hilo mlangoni. Pita leo mchana hospitali ya wilaya yako na kituo cha afya cha njia yako, uulize kama wanayo, uchukue namba ya simu, uibandike chini ya siti. Chupa ya lita moja ya maji ikae kwenye pikipiki muda wote, na ikifika jioni tanki lisiwe chini ya robo.