Kabla ya Kwenda Warsaw: Mambo ya Kuzingatia kwa Mwimbaji Kijana wa Opera

Shindano la Kimataifa la Uimbaji la Stanisław Moniuszko, mtunzi wa opera wa Poland, hufanyika Warsaw kila baada ya miaka mitatu, ndani ya Teatr Wielki, makao ya Opera ya Taifa ya Poland. Aliyelianzisha mwaka 1992 ni Maria Fołtyn, soprano aliyejulikana zaidi kwa nafasi ya Halka katika opera ya Moniuszko yenye jina hilo, ambaye baadaye alitumia nguvu zake zote kuzipeleka kazi za Moniuszko nje ya Poland, hadi Havana. Alitaka vijana wa mataifa mengine wajifunze muziki wa Poland na kuondoka nao. Mtu akiijua historia hiyo, mpangilio wa maandalizi unajipanga wenyewe: nyimbo za Kipolandi ndizo za kwanza. Anayetanguliza tiketi ya ndege, gauni, au arya (wimbo wa mtu mmoja katika opera) ya Puccini anayoiimba tangu chuoni, ameanzia mkiani.

Anza na kanuni za mwaka husika, na uzisome zote. Kikomo cha umri huhesabiwa kwa tarehe maalumu, si kwa mwaka tu, na kuna watu hukosa nafasi kwa sababu ya wiki chache. Angalia kila hatua inadai vipande vingapi, vipi ni vya Kipolandi, na kama kipande ulichoimba hatua ya kwanza kinaruhusiwa kurudiwa. Kanuni hubadilika kutoka shindano moja hadi jingine, kwa hiyo usitegemee alichokwambia rafiki aliyeshiriki zamani. Desturi ya mashindano ya opera ni kuimba kwa kichwa bila noti mkononi, kwa lugha ya asili na kwa ufunguo wa asili. Hapo ndipo uamuzi wa nini uimbe unapoanza kuwa mgumu.

Moniuszko alizaliwa mwaka 1819 huko Ubiel, leo ni Belarus, akafa Warsaw mwaka 1872. Opera zake mbili zinazoimbwa zaidi ni Halka na Straszny dwór (Jumba la Kutisha), na humo kila sauti ina chake. Soprano yenye uzito ataitazama Halka mwenyewe, msichana wa milimani aliyedanganywa na bwana mwenye cheo na kuachwa na mimba. Arya ya kitendo cha pili, "Gdyby rannym słonkiem", ina mistari mirefu inayodai pumzi ya kutosha na hasira kidogo sana. Soprano mwepesi mwenye wepesi wa koo aende kwa Hanna wa Straszny dwór, "Do grobu trwać w bezżennym stanie", ambamo mapambo ya sauti ni mengi na maneno yanakimbia. Tenori watakimbilia "Szumią jodły na gór szczycie" ya Jontek katika Halka, na sishangai, kwani ni nzuri mno. Lakini majaji wameisikia mara nyingi kuliko arya nyingine yoyote ya Kipolandi, na kila kosa lake wanalijua kabla hujalifanya. Katika Straszny dwór, baritoni ana arya ya Miecznik, "Kto z mych dziewek serce której", na besi ana Skołuba na saa yake ya kutisha, "Ten zegar stary", ambayo inataka mwigizaji sawasawa na inavyotaka sauti. Mezo-soprano hawakupata mengi kwa Moniuszko. Wao wachimbe kwenye nyimbo fupi.

Na nyimbo hizo fupi zisidharauliwe. Śpiewnik domowy, mkusanyo wa nyimbo za kuimbwa nyumbani, ni hazina yenye mamia ya vipande, na wimbo wa dakika tatu ulioimbwa kwa kuelewa kila neno humfichua mwanamuziki kuliko arya ya kelele. Zipo pia nyimbo za Chopin, ambazo watu wengi hawajui hata kama alizitunga, na za Mieczysław Karłowicz. Kwa mtunzi Karol Szymanowski kuna wimbo wa Roxana kutoka Król Roger, opera iliyoonyeshwa mara ya kwanza katika Teatr Wielki hiyohiyo mwaka 1926, na kuna Pieśni muezina szalonego, mashairi ya Jarosław Iwaszkiewicz yanayomzungumzia muadhini aliyepagawa na mapenzi. Mwimbaji aliyekulia Lamu au Unguja, anayesikia adhana kila alfajiri, atayatambua mapambo ya sauti yale mara moja. Ajue tu kwamba Szymanowski aliandika wimbo wa mapenzi, si ibada, na kwamba piano yake haikusaidii kupata noti. Mwenye sikio lisilo imara asikiguse kipande hiki kwenye shindano.

Sasa lugha, na hapa ndipo ningemwomba kila mshiriki atumie miezi, si wiki. Msemaji wa Kiswahili anaanza akiwa na mtaji ambao wengi hawana. Mkazo wa neno la Kipolandi, karibu kila mara, huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama wetu. Irabu zake ni safi, hazivutwi wala hazigeuki njiani, ingawa e na o hufunguka zaidi kidogo kuliko zetu. Herufi ń ni ny ya nyama. Sz iko karibu na sh, cz iko karibu na ch, na ch yao husikika kama kh ya sabalkheri. Kisha kuna herufi za kuzoea: w ni v, ł ni w, j ni y, c peke yake ni ts, na ó husomwa u, kwa hiyo gór ni "gur".

Mtaji huo usikudanganye, maana mitego ipo na ni ya aina yetu hasa. Mkubwa kuliko yote ni kuchomeka irabu kati ya konsonanti. Neno szczycie katika arya ya Jontek linaanza na sh na ch zikifuatana bila kitu kati, na ulimi wetu hutamani sana kuweka i pale. Ukiiweka, umeongeza silabi ambayo mtunzi hakuipa noti, mdundo unayumba, na kila Mpolandi ukumbini anasikia. Fanyia mazoezi kundi la konsonanti peke yake, polepole, kabla ya wimbo, na uliweke mapema kidogo ili irabu ndiyo itue kwenye mdundo.

Wa pili ni y, irabu ambayo hatuna. Si i wala si e. Ulimi hurudi nyuma kidogo kutoka kwenye i. Być ni kuwa, bić ni kupiga, na tofauti yake ni irabu hiyo tu. Wa tatu ni ś, ambayo si sz. Ś ni nyembamba, katikati ya ulimi ikipanda karibu na kaakaa, na sz ni nene zaidi. Masikio yetu huziweka kapu moja hadi mtu azitenganishe mbele yako mara nyingi. Kuna pia ą na ę. Waimbaji wageni huzipeleka puani tangu mwanzo wa noti na sauti nzima inafifia. Imba o au e iliyo safi, kisha karibu na mwisho wa noti ndipo uiruhusu pua iingie. Na ę ya mwisho wa neno iache iwe karibu e tupu. Mwisho, konsonanti nzito zikifunga neno hugeuka nyepesi: Bóg humalizika kwa k, na w ya mwisho huwa f.

Haya hayajifunziki kwenye karatasi. Tafuta Mpolandi akusomee maandishi kama mazungumzo, si kama wimbo, umrekodi, na uyaseme hadi yeye aache kukusahihisha. Afrika Mashariki hili si gumu kama linavyosikika, kwani mapadre na masista wa Kipolandi wapo katika parokia mbalimbali za Tanzania, Kenya na Uganda. Sikiliza pia waimbaji wa lugha hiyo: Andrzej Hiolski kwa baritoni, Bernard Ładysz kwa besi, Wiesław Ochman kwa tenori. Na usikubali mtu akuambie mgeni hawezi. Desemba 2019, Theater an der Wien ya Vienna ilipoonyesha Halka, aliyeimba nafasi ya Halka mwenyewe ni Mmarekani, Corinne Winters, akiwa na Piotr Beczała kama Jontek.

Ukishajua kutamka, jua unachokisema. Poland iligawanywa na Urusi, Prussia na Austria na haikuwa na dola yake tangu 1795 hadi 1918. Straszny dwór ilionyeshwa mara ya kwanza Septemba 28, 1865, miaka miwili tu baada ya kuanza kwa maasi ya Januari 1863, na baada ya maonyesho matatu utawala wa Urusi ukaipiga marufuku. Kwa juu ni kichekesho cha ndugu wawili walioapa kutooa. Lakini Stefan, mmoja wao, anaposimama peke yake usiku wa manane katika "Cisza dokoła", saa ya zamani ikipiga wimbo wake, na yeye akimkumbuka mama na baba yake, wasikilizaji wa 1865 walisikia nyumba waliyonyang'anywa. Majaji watajua kama unalijua hilo. Haitaonekana kwa mikono unayoirusha. Itasikika pale unapopunguza sauti na kuiacha saa ipige.

Ngoma zao nazo uzijue kwa miguu. Arya ya Miecznik inatembea kwa mwendo wa polonezi, ngoma ya hatua tatu yenye heshima, na ukiiimba kama waltz umemvua mzee hadhi yake. Mazur nayo ina mikazo inayohamia mpigo wa pili au wa tatu. Tazama wachezaji, ucheze mwenyewe chumbani, kisha urudi kwenye noti.

Kuhusu noti zenyewe: waimbaji wengi wazuri wa kwetu wamelelewa na kwaya kwa sol-fa, na ni msingi imara. Hata hivyo mpiga piano wa shindano anasoma mistari mitano, na mazoezi yenu pamoja huenda yakawa dakika chache. Uwe na uwezo wa kumwonyesha ukurasa na mstari unapovuta pumzi au kupunguza mwendo. Chapisho za Polskie Wydawnictwo Muzyczne la Kraków ndizo za kutegemewa. Nakala za zamani hupatikana bure kwenye maktaba ya kidijitali ya Polona na kwenye IMSLP, tovuti ya noti. Hakikisha nakala ina maneno ya Kipolandi, kwa sababu baadhi ya chapisho za zamani zina Kijerumani au Kiitaliano pekee.

Video ya kuombea nafasi hupigwa kwa mkupuo mmoja, kamera ikiwa imetulia, uso na mikono vikionekana, piano halisi ikiwa ndani ya chumba. Usiongeze mwangwi wa kompyuta. Simu nyingi hushusha sauti kubwa zenyewe na kufanya kila kitu kiwe bapa, kwa hiyo tafuta kinasa sauti cha pembeni na ukisogeze mbali, mita tatu au zaidi. Jumba la kanisa lenye mwangwi mwingi huficha konsonanti, na konsonanti ndizo unazotaka zisikike.

Viza ya Schengen ya muda mfupi huombwa kuanzia miezi sita kabla ya safari na isipungue siku 15. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, lakini unaweza kufika 45. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na ibaki hai angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka eneo la Schengen. Bima ya safari iwe ya yuro 30,000 au zaidi. Barua ya mwaliko iombe siku uliyokubaliwa. Poland hutumia zloti, si yuro. Saa zao wakati wa kiangazi ziko nyuma ya zetu kwa saa moja tu, hivyo uchovu wa safari si mkubwa. Kinachosumbua ni mwanga: Juni jua la Warsaw huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri na kuzama saa tatu usiku. Beba kitambaa cha macho, ulale.

Ukifika fainali utaimba na okestra ya opera kwenye ukumbi wenye viti zaidi ya 1,700, na hili ndilo ambalo vijana wengi hawajawahi kulifanya. Sauti ya vyombo hukufikia ikiwa imechelewa kidogo. Ukiisubiri, utabaki nyuma. Mtazame kiongozi wa okestra na uimbe na mkono wake. Usisukume koo kwa kuogopa ukubwa wa jumba. Kama hakuna okestra karibu nawe, imba na rekodi ya vyombo vitupu ukiwa umesimama mbali na spika, na uombe kwaya au bendi yoyote ikupe nafasi ya kuongozwa na mtu anayepunga mkono.

Majaji wengi wa shindano hili ni wakurugenzi wa majumba ya opera na watu wanaopanga waimbaji, na wao huajiri hata walioishia hatua ya pili. Kwa hiyo kabla ya kuondoka nyumbani uwe na wasifu wa ukurasa mmoja kwa Kiingereza, picha nzuri ya uso, orodha ya nafasi unazoziweza leo (si za miaka kumi ijayo), na kalenda ya mwaka unaofuata inayoonyesha lini uko huru. Tiketi ya kurudi usiikate kwa siku ya matokeo; iache mbele kwa siku mbili, maana mazungumzo ya kazi mara nyingi hufanyika asubuhi yake.