Namna ya Kununua Gemu ya Kompyuta Ambayo Haitakufungia Nje

Unapolipia gemu katika duka la mtandaoni, unachopewa ni leseni ya kuichezea, na mara nyingi leseni hiyo huja na kufuli, yaani programu inayohakiki kwamba aliyeketi mbele ya kompyuta ndiye aliyelipa. Maduka hulitaja kufuli hilo kwa herufi DRM. Limewekwa kuwazuia wanaonakili bila kulipa, lakini aghalabu anayesumbuka ni mteja halali, kwa sababu aliyepakua nakala ya wizi amepata iliyokwisha kuvunjwa kufuli. Mwaka 2021 wanunuzi wa Resident Evil Village walilalamika kwamba gemu hiyo inakwamakwama katika mapigano, ilhali nakala iliyovunjwa ilikwenda vizuri, hadi Capcom, kampuni iliyoitengeneza, ilipotoa sasisho mwezi Julai kurekebisha kasoro hiyo.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Nilinunua gemu ya mtu mmoja, isiyohitaji mpinzani wala timu, nikaipakua usiku kucha kwa bando la bei nafuu, kisha nikaenda nayo likizo kijijini ambako mtandao hushikika ukipanda kichuguu. Umeme ulikuwepo na kompyuta mpakato ilikuwa nzima, ila gemu ilionyesha nembo ya kampuni, ikazungusha kiduara, ikaniambia kwamba leseni yangu haikuweza kuthibitishwa. Nilimaliza likizo nikicheza bao, na utaratibu ufuatao ndio ninaoufuata tangu hapo.

Kabla ya kulipa, jua ni kufuli la namna gani. Lililo jepesi huhakiki mara moja wakati wa kusakinisha, kisha likanyamaza. Lingine huhesabu kompyuta: gemu ya Spore ilipotoka mwaka 2008 iliruhusu kuwezeshwa mara tatu tu, na baada ya malalamiko makubwa idadi ikapandishwa hadi tano. La tatu, ambalo ndilo baya kuliko yote, hudai mtandao muda wote. Assassin's Creed II ya mwaka 2010, kwenye kompyuta, ilisimama papo hapo muunganisho ulipokatika, hata kama ulikuwa katikati ya mruko. Na mwezi Machi mwaka huo seva (kompyuta za kuhakikia leseni) za Ubisoft, kampuni yenye gemu hiyo, ziliposhambuliwa, baadhi ya watu waliolipa hawakuweza kucheza kabisa. SimCity ya Machi 2013 ilirudia yaleyale, seva zikazidiwa tangu siku ya kwanza. Watengenezaji walieleza kwamba sehemu ya hesabu za mji hufanywa kwenye seva, lakini mwaka mmoja baadaye wakatoa sasisho la kuicheza bila mtandao, na kila mmoja akaona kwamba lilikuwa jambo linalowezekana.

Kwenye Steam, duka kubwa la gemu za kompyuta, shuka katika ukurasa wa gemu uangalie upande wa kulia, chini ya orodha ya sifa zake. Ikiwa ina kufuli la kampuni nyingine, utakuta kisanduku kidogo kinacholitaja kwa jina, na pengine kikomo chake, kwa mfano kompyuta tano tofauti ndani ya siku moja. Watu wengi hukipita kisanduku hicho kwa sababu macho yako kwenye bei. Jina litakalojirudia ni Denuvo, kampuni ya Salzburg nchini Austria, ambayo kufuli lake limetumika tangu mwaka 2014. Anayetumia Linux awe mwangalifu zaidi, kwani kubadilisha toleo la Proton, programu inayowezesha gemu za Windows kuchezwa kwenye Linux, huweza kuhesabiwa kama kuhamia kompyuta nyingine. Ukijaribu matoleo kadhaa mfululizo, unaweza kuzuiwa kwa saa ishirini na nne bila kufanya kosa lolote. Kama huna haraka, subiri. Makampuni mengi huiondoa Denuvo baada ya miezi kadhaa, kama ilivyofanyika kwa Doom, iliyotoka Mei 2016 na kuondolewa kufuli Desemba mwaka huohuo, na kwa kawaida bei nayo huwa imeshuka.

Ukishanunua, ijaribu gemu siku hiyohiyo, maana Steam hurejesha fedha ndani ya siku 14 mradi hujacheza saa mbili. Ifungue mara moja ukiwa na mtandao, ianze hadi ihifadhi hatua yako, kisha uifunge. Iweke Steam katika hali ya nje ya mtandao, zima Wi-Fi na data ya simu, zima na kompyuta yenyewe, uwashe upya. Sasa fungua gemu, na usiishie kwenye menyu: ingia ndani, pakia ile hatua uliyohifadhi, tembea kidogo, utoke, urudie. Ikigoma, omba fedha zako kabla hujaizoea. Jaribio hili si la wanaokwenda vijijini peke yao. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za mtandao za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, mtandao ulidhoofika Tanzania na nchi za jirani, mijini na mashambani.

Njia iliyo salama zaidi ni kununua pasipo na kufuli. GOG, duka la Kipoland lililoanza mwaka 2008, huuza gemu zenye faili za kusakinishia ambazo unaweza kuzipakua na kuzihifadhi, na hukubali kurejesha fedha ndani ya siku 30. Usitosheke na kubofya kitufe cha kusakinisha kupitia programu yao. Nenda kwenye maktaba yako, pakua faili za kusakinishia zisizohitaji mtandao, uziweke kwenye diski ya nje. Gemu kubwa hugawanywa vipande vingi, kimoja chenye mwisho wa .exe na vingine vyenye .bin, na kikipungua kimoja usakinishaji utakwama njiani. Kwa hiyo linganisha idadi na ukubwa na vilivyoorodheshwa dukani, kisha sakinisha kutoka kwenye diski hiyo mtandao ukiwa umezimwa. Hata Steam ina gemu zisizo na kufuli, ingawa haizitangazi: funga Steam, ingia kwenye folda ya gemu, ubofye faili lake mara mbili. Ikifunguka bila kuiamsha Steam, nakili folda nzima.

Hakuna diski itakayookoa gemu inayoishi kwenye seva. The Crew ya Ubisoft, iliyotoka mwaka 2014, ilizimwa tarehe 31 Machi 2024, na hata aliyetaka kuendesha gari peke yake hakuweza tena. Tangu Januari 2025 sheria ya California inawataka wauzaji wamweleze mteja waziwazi kwamba anapata leseni, na Steam ilianza kuonyesha ilani hiyo kwenye kikapu mwezi Oktoba 2024. Ukifika hapo na gemu inadai mtandao wakati wote, ihesabu kama kodi ya nyumba, na usilipe zaidi ya ambavyo ungelipia kuichezea mwaka mmoja.