Kuchagua Mmea wa Kutambaa kwa Kibanda cha Kivuli Bustanini

Anayetaka kibanda cha kivuli kwa kawaida huanza na ua: ameliona kwenye ukuta wa jirani au kwa wauza miche wa kando ya barabara, likamvutia, akanunua mche, kisha akamwita fundi. Mimi pia nilianza hivyo hapa Tanga. Nilitaka bogenvilia ya zambarau, nikasimamisha nguzo nne za mirunda ambayo haikuwa imetiwa dawa, nikapiga fito juu yake, na kwa miaka mitatu kila mgeni alikisifu kile kibanda. Mwaka wa nne, katikati ya masika, kililala chini. Mchwa walikuwa wamekwisha kuzila nguzo mbili usawa wa ardhi, na bogenvilia iliyoloa mvua ya siku mbili ilikuwa nzito kuliko kilichobaki. Kuiondoa kulichukua siku nzima kwa panga na glavu za ngozi, na kovu la mwiba bado ninalo kiganjani. Tangu hapo, mtu akiniuliza apande nini, humwuliza kwanza mmea huo unajishikiliaje na utashikilia nini. Rangi tunaizungumza baadaye.

Mimea ya kutambaa haipandi kwa njia moja. Iko ambayo shina lenyewe hujisokota, kama fiwi, kiazi kikuu na asumini ya porini. Hii hutaka fito au waya uliosimama, na ukiipa nguzo ya saruji yenye upana wa sentimita 20 itahangaika chini ikitafuta cha kuzunguka. Iko yenye vikono, yaani vile vinyuzi laini vinavyochomoza pembeni mwa jani na kujikunja kama springi mara vinapogusa kitu: mpasheni, mzabibu, mdodoki na jamii yote ya maboga. Kikono hakiwezi kuzunguka boriti. Kinahitaji waya, kamba au kijiti chembamba kuliko kidole, ndiyo maana mpasheni uliopandwa kwenye kibanda kizuri cha mbao nene huonekana kana kwamba umekataa kupanda. Iko pia inayoganda kwa vijizizi, ambayo ni ya ukutani zaidi kuliko ya kibanda. Na iko isiyojishikilia kabisa: bogenvilia na waridi la kutambaa hurusha matawi marefu na kuyaegemeza juu ya chochote kilicho karibu, miiba ikifanya kazi ya ndoano. Hii ya mwisho lazima ifungwe kwa mkono, na asiye na muda wa kuifunga asiipande.

Mmea wa miaka mingi wenye shina la mti, kama bogenvilia au mzabibu, unastahili nguzo za chuma, za saruji, au za mirunda iliyotiwa dawa kiwandani kama ile ya nguzo za umeme, zikizama ardhini sentimita 60 au zaidi. Zamani sisi wa pwani tungetumia boriti za mikoko, ambazo mchwa hawana hamu nazo, lakini mikoko inahifadhiwa na kuikata bila kibali ni kosa. Mimea ya msimu mmoja haidai hivyo. Fito na kamba za mkonge zinatosha. Kuhusu kimo, usiweke paa chini ya mita 2.5, kwa sababu matawi na matunda yatakayoning'inia yatakula sehemu ya nafasi hiyo, na kukwepa mwiba kila unapoinuka kitini kunachosha.

Kisha ujiulize utakaa hapo saa ngapi. Kwetu karibu na ikweta jua la adhuhuri liko utosini, hivyo paa jembamba la majani hutosha; linalosumbua ni lile la saa tisa hadi saa kumi na mbili jioni, linaloingia kwa ubavu. Mmea mzito wenye majani mengi uwe upande wa magharibi, na upande ambao upepo hutokea uachwe wazi. Nimeona vibanda vilivyofunikwa pande zote nne kwa bidii kubwa, na ndani mna joto na mbu tu.

Baada ya hayo yote sijaiacha bogenvilia. Kwa uwanja wa pwani wenye jua la kutwa, upepo wa chumvi na kumwagilia kwa kusuasua, sioni kinachoishinda. Kile tunachokiita ua lake ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kile kibomba cheupe kidogo katikati, ambacho wengi hawajawahi kukitazama. Huchanua zaidi ikipata kiu kidogo, kwa hiyo anayeimwagilia kila siku na kuilisha samadi kila mwezi hupata majani ya kijani yaliyonawiri na miiba mirefu. Hutoa maua kwenye matawi mapya, basi ikatwe kila baada ya wimbi la maua kwisha, na ikatwe kwa ukali. Ipandwe kwenye nguzo iliyo mbali na njia ya kuingilia, hasa nyumba yenye watoto.

Kama kibanda ni cha kula pia, chaguo langu ni mpasheni, ambao wengine huuita mkarakara. Wa zambarau ni wa nyanda za juu, kuanzia takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na ukiuleta pwani hupooza. Wa manjano ndio unaolipenda joto letu. Tofauti nyingine kati yao huwagharimu wengi bila wao kujua. Ule wa zambarau hujizalisha kwa chavua yake wenyewe, ilhali wa manjano huikataa, kwa hiyo mche mmoja uliopandwa peke yake unaweza kujaa maua mwaka mzima usitoe hata tunda la kuonja. Panda miche miwili au mitatu iliyotokana na mbegu za matunda tofauti, si vipandikizi vya mama mmoja.

Anayebeba chavua ni yule nyuki mkubwa mweusi anayevuma kama pikipiki ya mbali na kutoboa mbao. Ua la pasheni ya manjano hufunguka karibu na adhuhuri na kufunga usiku, na wakati huo utamwona akizunguka juu yake huku mgongo wake ukijipaka unga wa manjano kutoka kwenye vifuko vitano vya chavua, kabla ya kugusa vichwa vitatu vya kike vilivyoinama juu yake. Tatizo ni kwamba nyuki huyo huyo hutafuta nyumba katika mbao kavu za kibanda chako. Asubuhi moja nilikuta kwenye benchi kichuguu kidogo cha unga wa mbao, nikatazama juu, nikaona tundu la mviringo kamili lenye upana wa kidole kidogo. Sikumpulizia dawa, kwani ningepulizia mavuno yangu. Nilipaka mbao za kibanda rangi ya mafuta, kisha nikafunga gogo kavu la mwembe kwenye ua wa nyuma, bila rangi, na wakahamia huko. Asiye na nyuki hao anaweza kuchukua brashi laini mchana na kuhamisha chavua kutoka mche mmoja hadi mwingine. Ni kazi ya dakika kumi.

Mpasheni hauishi sana. Baada ya miaka mitatu au minne hulegea, tena hausamehe maji yanayotuama wala maji ya kisima yenye chumvi. Uhesabu kuwa mmea wa kubadilisha, na uwe na miche mingine kitaluni kabla wa zamani haujachoka.

Asumini lina cheo chake pwani, nalo ndilo ua la kikuba. Hata hivyo halitafunika paa, kwa kuwa lile la maua makubwa meupe ni kichaka kinachoegemea zaidi kuliko mtambaaji, na mara nyingi huishia mita mbili au tatu. Mahali pake ni nguzo ya mlangoni, upande wa kukaa, kwa sababu vitumba hufunguka jua likizama na harufu yake haisafiri mbali usiku usio na upepo. Mzabibu ni mzuri sana Dodoma, ambako hewa kavu huuwezesha kuzaa mara mbili kwa mwaka. Kwa unyevu wa pwani majani yake hushikwa na ukungu, nami siupendekezi.

Mimea mingine naiacha kwa makusudi. Alamanda, yenye maua ya manjano kama tarumbeta, ina utomvu unaowasha ngozi na haifai juu ya meza ya chakula. Thunbergia grandiflora, ile ya maua makubwa ya samawati, hufunika kibanda kwa haraka ya kushangaza, kisha huendelea hadi kwenye miti ya jirani, na kipande cha mzizi kilichosahaulika ardhini huchipua tena. Wanaoishi karibu na misitu, kwa mfano ya Usambara, wana sababu ya ziada ya kujihadhari na mimea ya namna hiyo.

Ukiisha kuchagua, panda mwanzoni mwa masika, au mwanzoni mwa vuli ikiwa una maji ya kumalizia kiangazi kinachofuata. Shimo liwe la sentimita 50 kila upande, lichanganywe na samadi iliyooza vizuri, nalo liwe sentimita 30 kutoka kwenye nguzo ili mizizi isibanwe na zege. Ruhusu shina moja au mawili tu kupanda, ukikata machipukizi ya pembeni mpaka lifike juu. Vinginevyo utapata kichaka miguuni na paa tupu. Vipande vya kanga iliyochakaa hufunga vizuri kuliko waya, maana havikati ganda, lakini navyo vilegezwe kila baada ya miezi michache.

Mwaka wa kwanza paa litakuwa wazi, na hapo ndipo mdodoki unapofaa. Panda mbegu mbili tatu kwenye nguzo zisizo na mche wa kudumu. Ndani ya miezi mitatu hivi utakuwa na kivuli na maua ya manjano, na baadaye madodoki ya kuogea. Mche wa kudumu ukifika juu, ukate mdodoki shinani na kuuacha ukaukie hapo hapo kwa wiki mbili kabla ya kuuvuta, kwani ukiuvuta mbichi vikono vyake vitang'oka na machipukizi ya mwenzake.