Kutoka uwanjani hadi kwenye makasia: mwongozo kwa mwanamichezo wa Lamu

Mwanasoka, mkimbiaji au mwogeleaji anayehamia kwenye mbio za makasia haanzi na sifuri. Pumzi na miguu yake anakuja nayo. Helen Glover wa Uingereza alitoka kwenye hoki na mbio, akaanza kupiga makasia mwaka 2008, na mwaka 2012 akatwaa dhahabu ya Olimpiki mjini London. Kinachowachelewesha wengi ni mfuatano wa viungo, na huo lazima ufundishwe upya.

Ukipata mashine ya makasia kwenye jimu au hoteli, anzia hapo. Kigingi cha upepo pembeni, kinachoamua uzito wa kuvuta, kiweke kati ya 3 na 5. Wanaoanza hukipandisha hadi 10 wakidhani ndiyo nguvu, kumbe wanaubebesha mgongo mzigo ambao haujazoea. Wiki nne za mwanzo, fanya dakika 20 hadi 30, mara tatu kwa wiki, mapigo ya kasia 18 hadi 20 kwa dakika, polepole hivyo hivyo.

Wakati wa kuvuta, miguu husukuma kwanza, mikono ikiwa imenyooka kama kamba. Magoti yakikaribia kunyooka, kiwiliwili hulala nyuma kidogo. Mikono huja mwisho, mpini ukafika chini ya kifua. Wakati wa kurudi, geuza: mikono itoke, kiwiliwili kiiname kuanzia nyongani, ndipo magoti yakunjwe. Magoti yakiwahi, mikono hulazimika kuyaruka, na ukiwa majini bapa, yaani ncha pana ya kasia, litapiga wimbi. Kurudi kuchukue karibu mara mbili ya muda wa kuvuta. Waogeleaji ndio wanaoteseka zaidi hapa, kwa sababu wamezoea kuvuta kwa mabega. Wafanye dakika 5 za miguu peke yake kila wanapoanza zoezi.

Aliyekulia kwenye mtumbwi asidhani anajua tayari. Kafi hulishika mwenyewe ukitazama mbele. Kasia limekaa kwenye kileti, kishikio chake ubavuni mwa chombo, nawe umeipa omo, yaani mbele ya chombo, mgongo. Geuza shingo kila baada ya mapigo matano, leo bega hili, kesho lile. Kwenye chombo cha mtu mmoja mipini hupishana katikati: mkono wa kushoto upite juu, wa kulia chini na nyuma yake kidogo. Kucha za kushoto zisipokatwa, konzi za kulia zitachubuka siku ya kwanza. Shika kwa vidole, si kwa kiganja, na kidole gumba kikae kwenye ncha ya mpini kikisukuma kuelekea kileti. Glavu ziache, zinakunyima kulihisi kasia.

Kasia kunaswa majini hutokea bapa linapoingia likiwa limelala badala ya kusimama. Usishindane nalo. Acha kuvuta, kandamiza mpini chini, bapa litaibuka lenyewe.

Sasa bahari. Mkondo kati ya Lamu na Manda una mwendo mkali siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, hivyo chagua siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, alfajiri kabla upepo haujaamka. Anza kwa kwenda kinyume cha mkondo, ili ukirudi umechoka maji yakubebe. Upepo wa kusi ukishika kasi, usitoke peke yako. Boya la kuvaa ni lazima, na asiyeweza kuogelea mita 200 ajifunze hilo kwanza. Boti za kwenda Shela na Mokowe huacha mawimbi: simamisha mapigo, laza bapa zote mbili juu ya maji, acha wimbi lipite.

Kuna aina ya mashindano inayofaa pwani yetu kuliko zote, nayo ni mbio fupi za ufukweni, zitakazoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza Los Angeles 2028. Unakimbia mchangani, unarukia chombo, unapita kwa kupinda kati ya maboya hadi mita 250, unageuka, unarudi moja kwa moja, kisha unashuka na kukimbia tena hadi mwisho. Chombo cha mtu mmoja ni kizito, si chini ya kilo 35, kipana, na hakipinduki ovyo kama vile vyembamba vya maji tulivu. Aliyecheza mpira mchangani Shela ana miguu ya kazi hii.

Fanya zoezi la kurukia chombo tu, mara 10 kwa siku. Wasaidizi wawili wakishike kwenye maji ya magotini. Maji yakiwa ya kifundo tu, chombo kitakwama mchangani. Yakifika kiunoni, huwezi kuruka. Shika mipini yote miwili kwa mkono mmoja kabla ya kukalia kiti, la sivyo kasia moja litakimbia na chombo kitalala upande. Kugeuka kwenye boya, kasia moja livute, jingine lisukume, kwa mapigo mafupi.

Baada ya wiki 12 jipime mita 2000 kwenye mashine. Dakika 8 ni sawa na dakika 2 kwa kila mita 500. Wanasoka hutimka mita 500 za mwanzo kama wanafukuza mpira, wakazima kwenye ya tatu. Mita 500 ya kwanza iwe ndani ya sekunde 2 za wastani unaoulenga kwa kila mita 500, ya pili na ya tatu usipande wala kushuka, na kilichobaki kimwage kwenye mita 300 za mwisho. Mbavu zikianza kuuma upande mmoja kila unapovuta, simama na umwone daktari. Mfupa wa ubavu huweza kupata ufa kwa wingi wa mazoezi.