Somo: Mwembe na Mchungwa kwenye Ua Mdogo wa Tanga

Nyumba nyingi za Ngamiani na Makorora zina ua wa hatua chache: kamba ya nguo, pipa la maji, pengine na banda la kuku. Mtu akitamani mwembe anaukumbuka ule wa babu yake uliofunika paa zima, anakata tamaa. Somo hili ni lake. Tuelewane mapema: mti mfupi unatokana na mkasi kuliko unavyotokana na mche. Mwembe wa kubebesha, yaani kitawi cha mwembe mzuri kilichounganishwa juu ya shina la mche mwingine, utakupa embe mapema, mwaka wa 3 au wa 4, lakini ukiuacha bila kuugusa utapanda juu vilevile.

Hatua ya 1: Mche

Chuchumaa ulitazame shina. Kwenye sentimita 20 hivi kutoka udongoni utaona kovu, ganda linabadilika rangi na shina limepinda kidogo. Hicho ndicho kiungo. Kama hukioni, mche huo ni wa kokwa, hata muuzaji akiapa. Machungwa tuna bahati, Muheza iko jirani, na miche mingi ya huku hubebeshwa juu ya mlimau. Nje wanauza michungwa mifupi iliyobebeshwa juu ya shina liitwalo Flying Dragon, na watu huniuliza wataipata wapi. Mimi siihangaikii: shina hilo halipendi udongo wenye chokaa nyingi, na sisi wa karibu na bahari tunakaa juu ya matumbawe.

Hatua ya 2: Shimo

Sentimita 60 kila upande na kwenda chini. Udongo wa juu uweke kando, uchanganye na debe 1 au 2 za samadi iliyooza, urudishe. Panda masika yanapoanza, mwezi wa 3. Mvua za vuli ni fupi, na jua la kaskazi linalofuata litakufunga kwenye ndoo ya maji kila siku. Usikifukie kiungo. Acha mita 3 kati ya mti na mti, na usisogelee karo. Tandaza makumbi ya nazi kuzunguka mche, yasiguse shina.

Hatua ya 3: Mkasi

Hapa ndipo wengi wanaona huruma. Mche wa mwembe ukifika kiunoni, ukate kichwa kwenye sentimita 70 hivi. Tazama tawi kwa karibu kwanza: kila mahali ukuaji uliposimama pana pete ya macho, yaani vijicho vya kuchipulia, yaliyosongamana. Ukikata juu ya pete, macho yote yanachipua pamoja, matawi yanabanana. Ukikata chini yake, yanatoka machache yenye nguvu. Bakiza matawi 3 yanayotazama pande tofauti. Kila tawi likirefuka kama sentimita 50, kata tena. Ukiendelea hivyo unapata mti wa mita 2 na nusu au 3, mpana, ambao mama mtu mzima anauchuma akiwa amesimama juu ya kigoda.

Wakati wa kukata ni jambo kubwa. Mwembe hutoa maua kwenye ncha zilizokomaa. Embe za msimu zikiisha, mwezi wa 1 au wa 2, kata mara moja. Machipukizi mapya yatakula mvua ya masika, na kipupwe kikifika yatakuwa yamekomaa tayari kwa maua. Anayekata mwezi wa 6 anakata embe zake za mwaka huo.

Mchungwa haupogolewi hivyo. Toa matawi makavu, yanayosuguana, na yale marefu yanayokimbia wima katikati, basi. Mpera ni kinyume chake, huzaa kwenye tawi jipya, kwa hiyo ukate bila woga.

Hatua ya 4: Wadudu

Majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa kiota, wengi wanawamwagia dawa. Naomba muwaache. Wanawinda wadudu wanaofyonza matunda machanga, na watu wa pwani wanajua faida yao kwenye minazi na mikorosho. Siku ya kuchuma watakuuma, ndiyo, kwa hiyo chuma asubuhi mapema wakiwa wazito. Inzi wa matunda aliyeingia Afrika Mashariki, akaonekana mwaka 2003, mdhibiti kwa usafi: kila embe iliyoanguka iokote siku hiyohiyo, itie kwenye mfuko mweusi wa plastiki, ufunge, uanike juani siku kadhaa, kisha ufukie.

Maswali niliyoulizwa

*Shikamoo mwalimu. Nina dodo wa kokwa, umeshapita bati. Naweza kuushusha? (Makorora)*

Marahaba mwanangu. Unaweza, ila si kwa siku moja. Kila mwaka baada ya mavuno toa tawi moja kubwa la katikati, kwa miaka 3. Gome lililokuwa kivulini lipake chokaa, lisiungue na jua.

*Kaka, mlimau wangu unakauka kingo za majani. Namwagilia kila siku. (Raskazone)*

Dada, onja maji ya kisima chako. Jamii ya michungwa haivumilii chumvi, na upepo wa bahari unaiongezea. Mwagilia kwa nadra lakini maji mengi, yaisukume chumvi chini, na kinga maji ya mvua. Ukishindwa, hapo panda mkomamanga.

*Ndimu inaweza kukaa kwenye pipa? (Chumbageni)*

Inaweza. Kata pipa la lita 200 katikati, toboa matundu chini, liinue juu ya matofali. Litadai maji kuliko ardhini, na samadi mara kwa mara.

*Mchungwa wangu ulizaa vizuri, sasa unatoa malimau yenye ganda la manundu. Umerogwa? (Pongwe)*

Haujarogwa, ndugu yangu. Chipukizi limetoka chini ya kiungo, kwenye shina la mlimau, likaushinda mchungwa. Lifuate hadi linapoanzia, ulikate palepale bila kuacha kisiki. Kama upande wa mchungwa umeshakufa wote, bakiza chipukizi moja lililonyooka, umwite fundi alibebeshe upya wakati wa mvua, gome linapobanduka kirahisi.